Mwalimu wa Zamu na Saa za Usiku: Wito Usio na Ujira Kandokando ya Ziwa

Kanuni za Elimu ya Msingi zilizotolewa nchini Kenya mwaka 2015 zimeigawa siku ya shule ya bweni kwa saa. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri ni vipindi vya darasani. Kuanzia hapo hadi saa kumi na dakika 45 ni michezo na vyama. Saa kumi na moja hadi saa moja na nusu jioni mwanafunzi hushughulikia mambo yake mwenyewe. Saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku ni masomo ya jioni, ambayo kila mwanafunzi nchini huyaita prepu, kisha saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kulala. Saa mbili zinazosalia kabla ya darasa kuanza ni za usafi, kiamshakinywa na shughuli nyinginezo za kawaida chini ya uangalizi. Msomaji akizijumlisha atapata saa 24, ukiondoa robo saa moja iliyopotelea kati ya uwanja na bafu.

Sheria, basi, inakiri kwamba shule ya bweni haifungwi. Jambo ambalo halijakiriwa, si katika kanuni hizo wala katika hati ya malipo ya mwalimu, ni kwamba saa hizo nane na nusu za usingizi wa mwanafunzi ni saa za kazi kwa mtu mwingine. Aghalabu mtu huyo ni mwalimu, na aghalabu mwalimu huyo hulipwa shukrani.

Katika shule nyingi za bweni zilizo kandokando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Maseno na Bondo hadi Nyakach, Homa Bay na Mbita, yeye huitwa mwalimu wa zamu. Zamu yake kwa kawaida ni ya wiki nzima. Huamka kabla ya wanafunzi ili awahi kengele ya alfajiri, husimama mlangoni pa bwalo wakati wa uji, hufundisha vipindi vyake kama wenzake wasio na zamu, husimamia chakula cha jioni, huzunguka madarasani wakati wa prepu, kisha huhesabu vichwa bwenini. Nyumba za walimu ndani ya shule ni chache, na nyingi zilijengwa wakati shule zilikuwa na mikondo miwili au mitatu tu. Anayekaa Kondele au Mamboleo mjini Kisumu na kufundisha Maseno anajua kwamba prepu ikiisha matatu zimeshaadimika. Wengine huweka godoro katika chumba cha idara, nyuma ya kabati la vitabu vya kiada, na humo ndimo hulala siku tano mfululizo.

Hulala, lakini kwa sikio moja. Kanda ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, una wagonjwa wengi zaidi hapa kuliko katika sehemu nyingi za Kenya. Usiku wa mvua na baridi mtoto mwenye selimundu anaweza kuamka akilia kwa maumivu ya mifupa yasiyotulizwa na vidonge vilivyomo katika sanduku la huduma ya kwanza. Hapo kiranja wa bweni hukimbia kugonga mlango wa mwalimu. Dereva wa shule amekwenda kwake. Mwalimu hutafuta pikapu ya jirani au gari la mwalimu mkuu, humfunga mtoto blanketi, na safari ya kwenda mjini huanza saa saba za usiku. Hufika katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wakazi wa Kisumu hadi leo huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti.

Katika mlango wa hospitali hiyo wanakutana wafanyakazi wawili wa umma waliokatiziwa usingizi kwa ajili ya mtoto mmoja. Daktari aliyeitwa ana marupurupu ya kuitwa kwa dharura, na hakuna mwenye akili timamu anayeyaonea kijicho: ni haki yake, na madaktari waliipigania. Mwalimu aliyemleta mgonjwa hana fungu lolote linalofanana na hilo. Marupurupu yanayojulikana katika hati yake ya malipo ni ya nyumba, ya usafiri, ya likizo, na kwa wanaofundisha katika maeneo yaliyotambuliwa kuwa na mazingira magumu, fungu la ugumu huo. Hayo yote hulipia mahali au msimu. Hakuna linalolipia saa. Mtoto akishapata kitanda, mwalimu hurudi Maseno saa kumi za alfajiri, na saa mbili asubuhi husimama mbele ya Kidato cha Tatu kufundisha ngeli.

Wapenzi wa Kiswahili huenda wakataka kujua ni kwa namna gani lugha yenyewe imesaidia kulificha jambo hili. Zamu, kwa asili, ni neno la ulinzi. Anayeshika zamu hukaa macho wenzake wakiwa wamelala, kwa muda uliopimwa, mpaka mwingine aje kumpokea. Shule imelitwaa neno na kuacha nusu ya maana yake, kwani zamu ya mwalimu haina kipimo cha muda, na usiku hakuna anayekuja kumpokea. Kisha kuna ulezi. Mwalimu anayesimamia bweni ni mlezi wa bweni, kama vile anayesimamia chama cha Kiswahili alivyo mlezi wa chama. Ni neno zuri, nalo lina upole wake, lakini limekopwa kutoka nyumbani, na nyumbani mlezi hamdai mtoto. Neno posho nalo zamani lilikuwa chakula cha siku alichokatiwa mpagazi au kibarua. Leo mwalimu aliyekesha hutiliwa noti mbili tatu katika bahasha mwishoni mwa wiki, katika shule ambazo mwalimu mkuu ana moyo huo, na kitu hicho huitwa posho ama, kwa utani wa chumba cha walimu, pesa za sabuni. Posho hupokelewa kwa shukrani. Inapokosekana hakuna wa kuulizwa, maana haikuahidiwa. Ujira ungedaiwa.

Hata hivyo, neno linalotumiwa zaidi kuwanyamazisha walimu ni wito. Kila mara suala la saa za ziada linapozuka katika mkutano wa wafanyakazi, hapakosi mtu wa kuinuka na kukumbusha kwamba ualimu ni wito. Haielekei kwamba wasemao hivyo huwa na nia mbaya. Wengi wao ni walimu wa miaka thelathini ambao wenyewe walilala katika mabweni hayo. Lakini wito, kama kila mwanafunzi wa isimu ajuavyo, ni nomino iliyotokana na kitenzi ita, na kitenzi hicho hakisemi anayeitwa anaitiwa nini. Kuna wito wa moyo, na kuna hati ya wito itokayo mahakamani. Mwalimu wa bweni nchini Kenya ameishi kati ya wito hizo mbili kwa muda mrefu.

Wito wa kwanza una historia katika eneo hili, tena historia ya kuheshimika. Wamisheni wa Kianglikana wa CMS walianzisha shule ya Maseno mwaka 1906, nayo ni miongoni mwa shule kongwe zaidi nchini. Walikuja na mfano wa shule ya bweni ya Kiingereza, ambamo mwalimu aliishi na wanafunzi na bweni lilikuwa sehemu ya malezi ya tabia kama kanisa na uwanja wa mpira. Carey Francis, mtaalamu wa hisabati kutoka Cambridge aliyekuwa mwalimu mkuu wa Maseno kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance, hakuoa maishani mwake. Shule ndiyo iliyokuwa nyumba yake. Vizazi vya viongozi wa Kenya vilivyopita mikononi mwake vilirithi picha hiyo ya mwalimu asiyekuwa na saa ya kutoka kazini, na si ajabu kwamba ikawa kipimo cha walimu wote.

Tatizo ni kwamba picha hiyo ilitegemea mambo ambayo hayapo tena. Mmisheni aliishi ndani ya uwanja wa shule katika nyumba ya misheni, hakuwa na watoto wa kuwachukua shuleni jioni, wala mama mgonjwa kijijini Alego. Wavulana aliowalea walikuwa wachache kiasi cha kuwajua kwa majina. Mwalimu wa leo ana familia, mkopo wa chama cha akiba, na bweni ambalo vitanda vyake vya ghorofa vimesukumwa mpaka vikagusana tangu idadi ya wanafunzi ilipofurika. Kudai kutoka kwake kujitoa kulekule ni kumrithisha deni bila kumrithisha mali.

Wito wa pili huja baada ya moshi. Msomaji hana haja ya kukumbushwa kwa kirefu. Mwezi wa Machi 1998 wasichana 26 waliteketea katika bweni la shule ya Bombolulu katika Pwani. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 walifariki katika bweni la Kyanguli, Machakos. Septemba 2017 wasichana 10 walipoteza maisha katika shule ya Moi Girls, Nairobi. Septemba 2024 moto katika shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, uliua wavulana 21, wengi wao wakiwa bado watoto wa shule ya msingi. Mikasa hiyo minne ilitofautiana kwa chanzo na kwa mahali, ila yote ilitokea katika zile saa nane na nusu ambazo kanuni zinaziita wakati wa kulala. Na baada ya kila mkasa, kabla hata maiti hazijatambuliwa, swali la kwanza la wazazi, waandishi wa habari na maafisa wa wizara huwa ni lilelile: mwalimu wa zamu alikuwa wapi?

Ni swali la haki. Mzazi aliyemkabidhi mtoto wake kwa shule ana haki ya kuliuliza, na mwalimu hana budi kulijibu. Serikali yenyewe ilijiandaa kuliuliza: Mwongozo wa Viwango vya Usalama Shuleni wa mwaka 2008 unataka vitanda viachane kwa mita 1.2, ujia wa katikati usipungue mita mbili, milango ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma, wanafunzi wahesabiwe na kumbukumbu iwekwe, na funguo za bweni ziwe kwa mlezi wa bweni au mwalimu wa zamu. Funguo ziwe kwa mwalimu wa zamu! Hakuna ithibati iliyo wazi zaidi ya hiyo kwamba kazi hii ni kazi. Aidha, tangu mwaka 2016 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, humpima kila mwalimu kwa mfumo wa tathmini ujulikanao kama TPAD, na kati ya vipengele vyake mna ulinzi na usalama wa mwanafunzi na uendelezaji wa shughuli za nje ya darasa. Mwalimu, kwa hivyo, hupewa maksi kwa usiku wake. Akizembea huadhibiwa kwa usiku wake. Msiba ukitokea anaweza kushtakiwa kwa usiku wake. Mahali pekee ambapo usiku huo hauhesabiwi ni katika malipo.

Hapo ndipo hoja ya makala haya ilipo. Haiwezekani saa moja iwe ya kazi inapotafutwa lawama, na iwe ya hisani inapotafutwa haki. Ama mwalimu wa zamu yuko kazini saa sita za usiku, naye alipwe na kupumzishwa kama mtu aliye kazini. Ama hayuko kazini, na basi shule itafute mtu mwingine wa kushika funguo.

Mtu huyo mwingine, kwa kweli, yupo tayari kwa kiasi. Kila shule ya bweni ina walinzi wa usiku, na nyingi zina matroni au patroni wa bweni. Hao hulipwa kutoka katika fungu la wafanyakazi wasio walimu, ambalo ni sehemu ya karo. Sheria za kazi zinawalinda: agizo la jumla la mishahara nchini Kenya linaweka saa 52 za kazi kwa wiki, saa 60 kwa wafanyakazi wa usiku, na malipo ya mara moja na nusu kwa saa zinazozidi. Mlinzi wa lango akikesha, hulala mchana. Ajabu ni kwamba mtu msomi zaidi katika uwanja ule, aliyekabidhiwa dhamana kubwa kumpita mlinzi, ndiye asiyejua zamu yake ni ya saa ngapi. Hapa pana fedheha ndogo ambayo walimu wengi huiona haya kuitaja: kwamba kudai malipo ya usiku ni kujilinganisha na bawabu. Ni haya isiyo na msingi. Bawabu anajua kitu ambacho mwalimu amesahau.

Msomaji wa jarida hili ana sababu ya pekee ya kulijali jambo hili, kwa kuwa mwalimu wa Kiswahili hupata usiku wa ziada ambao mwenzake wa hisabati haupati mara nyingi. Ndiye anayetwikwa tamthilia, ngonjera na mashairi ya tamasha. Mashindano ya drama huanza katika ngazi za chini na kupanda hadi kaunti, kanda na taifa, na fainali za kitaifa kwa kawaida huangukia likizo ya Aprili. Za muziki huangukia Agosti. Kundi likifuzu, kambi huanza. Wanafunzi hubaki shuleni wenzao wakienda nyumbani, mazoezi hurefuka hadi usiku, kisha basi husafiri na kundi lote hulala kwa siku kadhaa katika madarasa ya shule mwenyeji, madawati yakiwa yamerundikwa ukutani. Mwalimu na mwenzake mmoja, ambaye kwa busara ya kawaida huwa wa jinsia nyingine pale kundi linapokuwa la mchanganyiko, hugawana usiku huo. Mmoja hulala mlangoni pa wasichana, mwingine mlangoni pa wavulana. Ni nani alihudhuria tamasha asiyewahi kumwona mwalimu wa aina hiyo saa kumi na moja alfajiri, amejifunga leso mabegani, akiwaamsha wasanii wake kwa zamu ya kuoga? Kombe likija Kisumu, mwalimu mkuu hupigwa picha nalo.

Kambi hizi zina fedha zake, angalau kwa maandishi. Katika shilingi 22,244 ambazo serikali iliahidi kumlipia kila mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka tangu 2018, shilingi 1,500 zilitengewa shughuli za nje ya darasa. Kutokana na fungu hilo hupatikana mafuta ya basi, maleba, ada za kushiriki na chakula. Kinachobaki, kikibaki, ndicho posho ya mwalimu. Ila ahadi ni jambo moja na hazina ni jingine. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliliambia Bunge kwamba serikali ilikuwa na uwezo wa kutoa takriban shilingi 16,900 tu kwa mwanafunzi. Pengo la namna hiyo likiingia shuleni, maleba hayawezi kupunguzwa, mafuta hayawezi kupunguzwa, na watoto lazima wale. Anayepunguzwa ni mwalimu, kwa kuwa ndiye pekee katika orodha hiyo anayeweza kuambiwa asubiri.

Wapo watakaosema kwamba kwa hali hiyo hiyo ya hazina, dai hili halina wakati. Pingamizi hilo si la kupuuzwa. Kila aliyefuatilia migomo ya walimu tangu Oktoba 1997, ilipozaliwa ile ilani ya kisheria nambari 534 iliyoahidi nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, anajua ilivyochukua miaka mingi na migomo mingine kuipata ahadi iliyokwisha kutiwa saini. Wazazi wa kanda hii nao, wavuvi wa omena, wachuuzi wa soko la Kibuye na wakulima wa miwa, hawana mfuko usio na mwisho. Lakini chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 800 na siku 270 za masomo kwa mwaka. Walimu wawili wakilipwa shilingi 1,000 kila mmoja kwa kila usiku, jumla ni shilingi 540,000 kwa mwaka, yaani shilingi 675 kwa mwanafunzi. Mwongozo wa karo wa 2015 uliweka karo ya mwanafunzi wa bweni kuwa shilingi 53,554. Shilingi 675 ni zaidi kidogo ya asilimia moja ya hizo. Asilimia moja ya karo kwa ajili ya saa nane na nusu katika kila saa 24 si anasa. Na iwapo hata hiyo haipatikani, basi shule hiyo haina uwezo wa kuwa ya bweni, na ni afadhali isemwe wazi. Mwishoni mwa mwaka 2024, baada ya msiba wa Endarasha, serikali ilifunga sehemu za bweni katika shule 348 za msingi kwa kukosa viwango vya usalama. Ilipima milango, madirisha na nafasi kati ya vitanda. Ingepima pia idadi ya watu wazima waliokuwa macho.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba fedha peke yake hazimwamshi mtu aliyechoka. Mwalimu akilipwa shilingi elfu na bado akatakiwa kuingia darasani saa mbili asubuhi, kilichonunuliwa ni uchovu wake, na mtoto aliyemtegemea usiku unaofuata hayuko salama zaidi. Ni kweli, na vyama vya KNUT na KUPPET vikilichukua suala hili mezani, itakuwa kosa kudai fungu jipya la marupurupu na kuishia hapo. Mapumziko yana thamani kuliko bahasha. Mwalimu aliyekesha asipangiwe vipindi vya asubuhi. Ratiba za shule sasa hutengenezwa kwa kompyuta, na kompyuta haitachoka kumwondolea mtu mmoja vipindi viwili. Zamu ya usiku isiwe ya wiki nzima. Na palipo na uwezo wa kuajiri walezi wa mabweni waliofunzwa huduma ya kwanza, uokoaji na ushauri nasaha, waajiriwe, mwalimu arudishiwe usiku wake. Walimu wengi wangechagua hilo kuliko malipo yoyote, hasa walimu wa kike wenye watoto wachanga, ambao leo hulazimika kubadilishana zamu kwa siri na kulipana wenyewe kwa wenyewe, jambo ambalo mwalimu mkuu hulijua na kujifanya halijui. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki na mazingira ya kazi yanayofaa. Haikuandika kwamba haki hiyo hukoma kengele ya saa tatu na nusu inapolia.

Katika haya yote, mzigo haugawanywi sawa. Mwalimu mwenye cheo hupanga orodha ya zamu, na mpanga orodha si mjinga. Anayepewa bweni ni mgeni: mwalimu aliyeajiriwa na Bodi ya Usimamizi kwa ujira mdogo na kwa mkataba wa mdomo, au mwalimu wa mafunzo ya kazini anayetumaini kuthibitishwa na TSC. Hao hawawezi kukataa. Chini yao yupo mmoja tena, naye ni msomaji wa kurasa hizi. Mwanafunzi wa ualimu kutoka Chuo Kikuu cha Maseno au Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo anapokwenda katika mazoezi ya kufundisha, hupokewa kwa furaha kubwa, na mara nyingi kabla wiki ya pili haijaisha jina lake limeingia katika orodha ya zamu. Ana umri wa miaka 22. Wavulana anaowalinda wana miaka 18. Hana barua ya uteuzi inayotaja bweni, hajafunzwa kutumia kizimamoto, hana hata nambari ya simu ya dereva. Funguo, hata hivyo, amekabidhiwa.

Wahadhiri wanaokwenda kuwatahini wanafunzi hao hufika na fomu zenye nafasi za utangulizi wa somo, matumizi ya ubao, vielelezo na hitimisho. Hukaa nyuma ya darasa dakika 40, wakatoa ushauri wao, wakaendelea na safari kuelekea Siaya au Homa Bay kabla jua halijatua. Si vigumu kwao, wakiwa bado katika ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, kuomba daftari la zamu na kutazama jina la mwanafunzi wao limeandikwa mara ngapi katika safu ya usiku, na asubuhi yake alifundisha vipindi vingapi.